Elimu bure ya 1964 iliwapita mama zetu, nani atawarudia?

KILA ifikapo Septemba 8, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, kisha mambo huishia hapo. Sisi Waislamu wa mijini siku hiyo hutupita kama si yetu, kwani tunajiona tumeshasoma. Leo naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, na nitaanzia kwetu Wambaa, wilaya ya Mkoani, kisiwani Pemba.

Septemba 23, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure Zanzibar. Kheri iliyopatikana kwa tangazo lile haina mpinzani. Lakini tangazo moja haliwakuti watu wote katika umri mmoja. Mtoto wa miaka saba lilimkuta mlangoni mwa skuli. Msichana wa miaka kumi na minne lilimkuta ameshabaleghe, yuko ndani, na posa iko njiani. Elimu ilikuwa bure, lakini wakati wake ulikuwa umepita.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye somo la leo. Tumezoea kudhani kwamba tofauti ya elimu baina ya watu huanza na kumalizika utotoni. Sivyo. Tofauti hiyo hukua pamoja na mtu, kwa sababu kila mlango wa baadaye hufunguliwa kwa ufunguo wa mlango uliotangulia. Kozi ya kompyuta inataka cheti cha Kidato cha Nne. Kazi ya hoteli inataka cheti na Kiingereza. Semina ya ujasiriamali, yenye chai na posho, humchukua katibu wa kikundi kwa kuwa yeye ndiye anayejua kuandika. Kwa hiyo aliyesoma huzidi kusoma hadi anazeeka, na aliyekosa huzidi kukosa hadi anaingia kaburini.

Mama zetu Pemba wanalipa gharama ya jambo hili kila siku. Katika kikundi cha kuweka na kukopa, mwenzao mmoja huandika na wengine hutia dole gumba. Mtoto aliyeko Unguja au Dar es Salaam akituma pesa kwa simu, mama humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri ampigie hesabu. Siri gani tena hiyo? Wakati wa karafuu huambiwa kilo ngapi na daraja gani, naye hupokea karatasi na kuikunja kwenye upindo wa kanga bila kujua kilichoandikwa.

Ajabu ni kwamba wengi wa mama hawa wanasoma. Wamepita chuoni, wamehitimu Qur'an, na wapo wanaoweza kuandika deni kwa Kiswahili cha harufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wa pwani kwa karne nyingi. Nao huingizwa katika darasa la kisomo na kuanzishwa "a, e, i, o, u" kama watoto wa chekechea. Mtu mzima hakai darasa linalomdhalilisha.

Mwalimu mwenye hekima angeanzia pale alipo. Mama huyu anajua tayari kwamba alama husimama badala ya sauti. Fat-ha, kasra na dhumma ni a, i na u zake. Kilichobaki ni kumwonyesha e na o, herufi kama p, v na ch, na kwamba mkono sasa utoke kushoto kwenda kulia. Safari yake ni fupi kuliko tunavyodhani.

Tanzania ina uzoefu mkubwa wa kazi hii. Mwalimu Nyerere alisema mapema, mwaka 1964, kwamba tuanze na watu wazima, kwani mchango wa watoto utachukua miaka mingi kuonekana. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma Tanzania Bara walishuka kutoka karibu asilimia 67 mwaka 1970 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Hata hivyo, sensa ya 2002 ilikuta karibu watu watatu katika kila kumi nchini hawajui kusoma. Uchumi wa miaka ya 1980 ulikuwa mgumu, madarasa yakafifia, na aliyejifunza akakosa cha kusoma. Kusoma kusikotumika husahaulika.

Na dini yetu inasemaje? Imam Bukhari, katika kitabu cha elimu cha Sahihi yake, amekumbusha kwamba masahaba wa Mtume (s.a.w.) walisoma wakiwa watu wazima. Shifaa bint Abdillah (r.a.) alimfundisha kuandika Mama wa Waumini Hafsa (r.a.). Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Haki ya mnyonge imelindwa kwa kalamu. Vipi basi tuwe radhi mama zetu waikabili mizani bila kalamu?

Nina mapendekezo manne. Kwanza, vyumba vya madrasa vinavyobaki vitupu baada ya watoto kutoka vitumike, na nusu saa ya darsa la akina mama iwe ya kuandika. Pili, ratiba ifuate maisha yao. Mwenye shamba la mwani hatakuja darasani wakati wa bamvua, basi somo liwekwe maji mafu. Msimu wa karafuu darasa lipumzike, kisha lirudi. Tatu, pawe na ngazi ya kupanda. Vijana walioachia njiani waonyeshwe njia ya mtahiniwa wa kujitegemea. Huku Bara upo Mtihani wa Maarifa, QT, unaomfikisha mtu kwenye mtihani wa Kidato cha Nne. Nne, wapatiwe cha kusoma: daftari la kikundi, risiti yao wenyewe, na gazeti hili likishasomwa.

Nawe unayesoma haya baada ya Swala ya Ijumaa, huna haja ya kungoja wizara. Msikiti wako una kozi za jioni za Kiingereza na kompyuta kwa wenye vyeti. Muulize imamu, yule mama anayefagia uwanja wa msikiti huo amepangiwa darasa saa ngapi?

Wabillahi tawfiq.