Mkufunzi na Mwanachuo Aliyebakwa

Katika makala hii tunakusudia kujadili jambo ambalo vyuoni hunong'onwa zaidi kuliko kufundishwa: namna mwanachuo aliyebakwa anavyoweza kurudiwa na nguvu zake, na sehemu ya mkufunzi katika kazi hiyo.

Tuanze na mfano. Tuseme mwanachuo amepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo juu ya Marangu, naye amepanga chumba katika kihamba cha jirani. Jioni moja, akipita migombani kando ya mfereji, anavamiwa na kubakwa. Kesho yake hafiki darasani. Mkufunzi aliyekuja kuangalia somo lake anamkuta chumbani, amejikunyata. Je, aanze na neno gani?

Wengi wetu tungeuliza, "Ulikuwa unatoka wapi saa hizo?" Swali hilo, hata likiulizwa kwa huruma, humweka aliyetendewa mahali pa mshitakiwa. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba anayelaumiwa na mtu wa kwanza kumwambia huchelewa kupona, na pengine hasemi tena. Basi neno la kwanza na liwe hili: "Pole, mwanangu. Nakuamini. Kosa si lako." Mwanachuo wa kiume aliyetendewa hivyo naye anastahili neno lilo hilo.

Jambo la pili ni wakati. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayookolewa ni faida. Dawa ya kuzuia mimba nayo hufaa zaidi ikimezwa mapema. Kutoka Marangu mtu hushuka Himo, kisha Moshi, ziliko hospitali za Mawenzi na KCMC. Ikiwezekana asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zifungwe katika karatasi, zisifuliwe. Polisi hutoa fomu ya PF3, na Dawati la Jinsia na Watoto liliundwa kwa ajili ya mashauri ya namna hii. Hata hivyo dawa isicheleweshwe kwa sababu ya fomu. Tangu sheria ya mwaka 1998, mtu mzima anayepatikana na hatia ya kubaka hufungwa miaka isiyopungua 30.

Jambo la tatu ni hiari. Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza kwamba dhuluma ya namna hii humnyang'anya mtu mamlaka juu ya nafsi yake; kwa hiyo msaada unaomwondolea mamlaka hayo mara ya pili hauwezi kumponya. Mkufunzi aeleze njia zilizopo, mwanachuo achague: nani aambiwe, nani amsindikize, ahamishiwe shule nyingine au aahirishe mazoezi. Akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka taarifa itolewe. Hapo pia aelezwe kwanza. Akirudi darasani, aanze kwa kufundisha pamoja na mwenzake, na siri yake isiwe mazungumzo ya ofisi ya walimu.

Wapo watakaosema kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ni njema kwa mkulima, lakini hapa haifai. Kustahimili si kunyamaza. Tukumbuke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, ambapo mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Somo la msiba ule si kwamba yeye alikosa moyo, bali kwamba mateso yaliachwa yaendelee.

Ni dhahiri basi kwamba nguvu mpya haimtoki mwanachuo peke yake. Humjia kwa kuaminiwa, kutibiwa mapema na kurudishiwa uamuzi wake. Atakayetendewa hivyo leo, kesho atakuwa mwalimu ajuaye kumsikiliza mtoto.

Maswali ya kujadili:
1. Katika chuo chako, mwanachuo amwendee nani usiku, na je, anamjua?
2. Kabla ya mazoezi ya kufundisha, ni nani hukagua vyumba na njia watakazotumia wanachuo?