Somo la 12: Ghala la Umeme



Ukivuna mahindi mengi unayaweka ghalani. Unakula ya leo, unabakiza ya kesho. Je, umeme nao unaweza kuwekwa ghalani?

Umeme unaopita katika waya hauwekwi. Unatengenezwa na kutumiwa wakati ule ule. Mwenye mashine ya kusaga akiiwasha kijijini, mtambo ulio mbali sana huongeza kazi papo hapo. Kwa sababu hiyo wapo mafundi wanaokesha katika chumba cha kuongozea gridi ya taifa. Gridi ni nyaya zote kubwa zilizounganishwa pamoja. Mafundi hutazama watu wanatumia umeme kiasi gani, kisha huagiza mtambo huu uongezwe, ule upunguzwe. Siku hizi kompyuta huwasaidia. Hesabu ikikosewa sana, nchi nzima inaweza kuwa gizani.

Betri huweka umeme, ndiyo. Ziko hata betri kubwa kama kontena la mizigo. Lakini bei yake ni kubwa. Sisi Tanzania tunalo ghala jingine tangu zamani. Ghala hilo ni maji.

Fikiria bwawa la Mtera, katika mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Maji yakifunguliwa Mtera huzungusha mitambo ya megawati 80. Kisha maji yale yale huteremka na mto hadi Kidatu, na kuzungusha mitambo ya megawati 204. (Megawati 1 yatosha kuwasha taa 100,000 za wati 10.) Basi maji yanayobaki Mtera ni umeme ambao haujatumiwa. Ni mahindi ghalani.

Sasa tazama jua na upepo. Hivi havingoji amri ya mtu. Jua huwaka sana mchana, lakini watu huwasha taa jioni. Upepo waweza kuvuma usiku, watu wamelala. Umeme huo ukizidi, ufanyweje? Mafundi hufunga maji ya bwawa, watu wakatumia umeme wa jua au wa upepo. Maji yanabaki. Jioni yanafunguliwa. Hivyo jua la mchana limewekwa akiba, ingawa hakuna aliyelifungia ndani ya kitu chochote.

Lakini njia hii yataka waya. Wenzetu wa Kenya walijenga mitambo 365 ya upepo karibu na ziwa Turkana. Mwaka 2017 mitambo ilikuwa tayari, lakini waya wa zaidi ya kilomita 400 ulikamilika mwaka 2018. Katika muda huo upepo ulivuma bure, na Kenya ilidaiwa fidia. Ni sawa na kuvuna shamba lisilo na njia ya kupitisha mkokoteni.

Mwaka 2024 gridi ya Tanzania na ya Kenya ziliunganishwa kwa waya mkubwa kutoka Singida hadi Isinya. Sasa upepo wa Turkana waweza kusaidia kulinda maji ya Mtera. Nasi mvua zikiwa nyingi, twaweza kuwauzia wenzetu umeme wa bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115.

Ghala huisha likifunguliwa ovyo. Maji ya Mtera hayatakiwi kushuka chini ya meta 690 kutoka usawa wa bahari. Bwawa likijaa ni meta 698.5. Mwaka 2006 ukame ulileta mgao mkali wa umeme. Viwanda vilisimama, na watu wa mashine wakakosa kazi. Wengi huwalaumu wakulima na wafugaji wa Usangu kwamba wanamaliza maji ya mto. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Wataalamu waliochunguza upungufu wa umeme wa miaka ya 1990 waliona kwamba maji ya Mtera yenyewe yalikuwa yamefunguliwa kupita kiasi. Mlinzi wa ghala naye aulizwe.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini maji ya Mtera huitwa umeme ambao haujatumiwa?
2. Katika kijiji chako, umeme hutumiwa zaidi saa ngapi? Ni kazi gani ingeweza kufanywa saa nyingine?
3. Maji yakiwa machache, nani apunguziwe kwanza: mwenye shamba la mpunga au mwenye kiwanda? Toeni sababu.