Mfalme Louis wa Tisa na Hukumu ya Haki

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za Louis wa Tisa, mfalme wa Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1214, akatawazwa mwaka 1226 naye ni mtoto wa miaka 12. Basi mama yake, Blanche wa Castile, akamshikia nchi mpaka alipokuwa mtu mzima.

Rafiki yake Joinville aliandika ya kuwa wakati wa kiangazi mfalme huenda msitu wa Vincennes akaketi chini ya mwaloni, na kila mwenye daawa humwendea bila kuzuiwa na mtu. Lakini nchi ilikuwa kubwa, na mwaloni ni mmoja. Kwa hiyo mwaka 1247 alituma watu, wengi wao watawa, wazunguke wakisikiliza malalamiko ya raia juu ya watumishi wa mfalme mwenyewe. Mwaka 1254 akatoa amri: wakuu wa majimbo wasipokee zawadi, wala wake zao na watoto wao, wasinunue ardhi mahali wanapotawala, na mkuu akitoka kazini asiondoke upesi, bali akae hapo siku kadha apate kujibu mashtaka. Maana aliyedhulumiwa huogopa kusema maadamu mkuu yungali kitini.

Wakubwa nao hawakuachwa. Mwaka 1259 Enguerrand wa Coucy, bwana mwenye nguvu, aliwanyonga vijana watatu bila hukumu, kwa kuwa waliwinda katika msitu wake. Mfalme akamfunga katika ngome ya Louvre. Mabwana wenzake wakamtetea, naye akataka shauri liamuliwe kwa kupigana kwa silaha, kama ilivyokuwa desturi. Mfalme akakataa, akamtoza faini kubwa.

Walakini haki hiyo haikuwafikia wote. Mwaka 1242 vitabu vya dini vya Wayahudi vilichomwa moto Paris, na mwaka 1269 mfalme aliwaamuru wavae alama nguoni. Vita vyake navyo havikufaulu: mwaka 1250 alitekwa Misri, akakombolewa kwa fedha nyingi, akafa karibu na Tunis mwaka 1270. Kanisa Katoliki lilimtangaza Mtakatifu mwaka 1297.

Watu wengi hukumbuka mwaloni. Sisi twaona amri ya mwaka 1254 yapita mwaloni kwa faida: mwaloni wahitaji mfalme mwema, bali amri humshika hata mtumishi mbaya. Na mtawala asifiwaye kwa haki, na apimwe pia kwa wale aliowanyima.