Chakula cha Bustanini

Wanandoa, mlikula lini mara ya mwisho mkiwa wawili tu, bila kutaja kodi wala karo? Mimi na mke wangu, hapa Kahawa Wendani, tulikaa miezi mingi tukizungumza hayo tu. Jioni moja akasema, "Baba watoto, siku hizi mimi ni karani wako."

Jumamosi tukapanda matatu hadi mjini, tukanunua chipsi na sambusa hotelini, tukaingia Bustani ya Jeevanjee. Kuingia ni bure. A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906, na mwaka 1991 mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza wananchi kuitetea isijengwe. (Wahubiri wa pale wana sauti kubwa, chagueni benchi la mbali.)

Nikaanza kulalamikia bei ya sambusa. Mwenzangu akanyamaza. Nilipoomba radhi na kumwuliza kinachomsumbua, alisema mama yake ni mgonjwa tangu Pasaka, naye aliogopa kuniambia kwa sababu ya fedha. Chipsi zilipoa tukipanga ni nini tumpelekee.

Basi patanani kiasi cha kutumia kabla ya kutoka nyumbani, na mkishalipa msikitaje tena. Muulize mwenzako jambo moja, kisha usikilize mpaka amalize. Mkienda Arboretum badala yake, chukueni maji kwa chupa ya kutumia tena: tangu Juni 2020 plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku katika misitu iliyohifadhiwa.