SOMO: Sayari Jirani na Nyota Isiyotulia



Vijana wapendwa, jioni moja mwezi Mei tulimaliza rozari kwenye jumuiya yetu hapa Mpanda, giza limeshaingia, nyota zimejaa. Kijana mmoja akaniuliza, "Eti mwalimu, hii dunia tukiiharibu si tutahamia nyingine?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, swali lilikuwa zito.

Niliwaonyesha Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili angavu. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri. Jirani yake ipo nyota ndogo isiyoonekana bila darubini, Proxima Centauri. Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg. Ukiacha Jua, hakuna nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba inazungukwa na sayari, Proxima b. Uzito wake unakaribia wa Dunia, na huenda ni ya mwamba kama yetu. Iko kilometa milioni 7.5 hivi kutoka kwa nyota yake, wakati sisi tuko milioni 150 kutoka kwa Jua. Mwaka wake ni siku 11 tu! Lakini kwa kuwa nyota ile ni hafifu, umbali huo unaweza kuruhusu maji yasigande wala kuchemka.

Sasa shida iko wapi? Nyota yenyewe haitulii. Tarehe 1 Mei 2019 ililipuka, na ndani ya sekunde chache mwanga wake wa urujuanimno ukaongezeka kama mara 14,000. Mapigo ya namna hiyo yakirudiwa miaka na miaka yanaweza kuipeperusha angahewa ya sayari, na bila angahewa maji hayakai.

Kumbe kukaa mahali pazuri peke yake hakutoshi, lazima uwe na kinga. Dunia yetu inayo: usumaku wake hukinga chembe zitokazo kwenye Jua, na tabaka la ozoni huzuia sehemu kubwa ya mionzi mikali. Hatukuvitengeneza sisi, tumevikuta.

Na kuhama je? Proxima b iko umbali wa kilometa trilioni 40 hivi. Nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, hakuna basi la kwenda huko."

Tulichonacho ni hapa. Kiangazi, nenda Hifadhi ya Katavi uone viboko walivyobanana kwenye tope la Mto Katuma. Jua ni lilelile la siku zote. Ila sisi tunakata miti ya vyanzo vya maji na kuchepusha mto, halafu tunalisingizia jua.

Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika Laudato Si', waraka kuhusu nyumba yetu ya pamoja. Usomeni kwenye vikundi vyenu.

Swali la kutafakari: ni kinga gani uliyoikuta umepewa, na wewe unaitoboa?