Hesabu ya Ndagala na Usalama wa Barabara Zetu



Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanalijua jambo hili: maelfu ya ndagala hugeuka kwa pamoja, bila kiongozi, wala hawagongani. Mwaka 1987 Craig Reynolds wa Marekani alionyesha kwa kompyuta kwamba mwendo wa makundi kama hayo waweza kuigwa kwa kanuni 3 tu: usimsogelee mno jirani, fuata mwelekeo na kasi yake, wala usijitenge na kundi. Wataalamu wa Italia nao, waliopima makundi ya ndege angani mjini Roma, walieleza mwaka 2008 kwamba kila ndege hufuatisha majirani 6 au 7, si mmoja.

Barabarani, kanuni ya kufuatana tunaishika. Ile ya nafasi tunaisahau. Tupige hesabu. Gari liendalo kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Dereva huhitaji takriban sekunde 1 tangu aone hatari hadi akanyage breki. Basi mita 10 zimekwisha kupita kabla gari halijapunguza mwendo. Kwa kilomita 60, ni mita 17 hivi.

Kwa hiyo twashauri nafasi ya sekunde 2 zisizopungua, na mara mbili yake wakati wa mvua. Kipimo ni rahisi: gari la mbele likipita mti, hesabu sekunde. Ukiufikia mti kabla ya sekunde 2, umesogea mno. Tena, kama ndege wale, tazama magari kadhaa ya mbele. Katika msafara wa magari 10, kila dereva akimtazama wa mbele yake tu na kuchelewa sekunde 1, habari ya hatari humfikia wa mwisho baada ya sekunde 9.

Neno la mwisho ni kwa vijana wa baiskeli wanaoshikilia malori kwenye mlima wa kuelekea Bugarama. Twajua kupanda ni kazi ngumu, na safari hiyo ndiyo riziki ya nyumbani. Lakini aliyeshika lori, nafasi yake ni mita 0, na muda wake wa kujiokoa ni sekunde 0. Hakuna ustadi unaoishinda hesabu hiyo. Tushuke baiskeli, tusukume, tufike.