Mafunzo ya Ushonaji: Kukadiria Kitambaa cha Sketi ya Marinda

Shule zinapokaribia kufunguliwa, fundi wa sare hupatana bei na mzazi kabla ya kununua kitambaa. Akikosea hesabu, hasara ni yake. Hesabu yenyewe ni fupi.

Mfano ni wa msichana mwenye kiuno cha sentimita 66 na nyonga ya sentimita 84, anayetaka sketi ya urefu wa sentimita 60.

1. Kuanzia kwenye nyonga. Sketi iliyopimwa kwa kiuno pekee hubana nyonga na marinda huachana. Fundi huongeza sentimita 4 za nafasi: 84 + 4 = 88.

2. Kuzidisha kwa tatu. Rinda linaloonekana kwa sentimita 4 huficha sentimita 8 ndani, hivyo hula 12. Marinda ni 88 ÷ 4 = 22, na kitambaa ni 22 × 12 = sentimita 264.

3. Kuhesabu vipande. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 hutoa vipande viwili vya 132. Kila kimoja huongezwa 4 za mshono na kuwa 136, hivyo kinatosha.

4. Kupata urefu. 60 + 6 za pindo + 2 za juu = 68. Vipande viwili ni 136, na mkanda wa kiuno ni 10. Jumla ni sentimita 146. Fundi hununua mita 1.5.

Kiunoni, 88 – 66 = 22 za ziada. Kila rinda likibanwa kwa sentimita 1 zaidi upande wa juu, sketi hukaa sawasawa.

Upana wa kitambaa huulizwa kwanza dukani. Kikiwa cha sentimita 115, sketi hiyo hiyo huhitaji vipande vitatu: 3 × 68 + 10 = 214, yaani mita 2.2.

Wengine hupunguza kina cha marinda ili kubana gharama. Marinda yanayozidisha nyonga mara mbili huhitaji sentimita 176. Kwa upana wa 115, vipande hushuka kutoka vitatu hadi viwili. Kwa upana wa 150, bado ni viwili: fundi amepunguza marinda bila kuokoa hata shilingi.

Kitambaa cha pamba hulowekwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa hurudi.